Mkunga Yupi? Neno Moja na Usalama wa Mtoto Mchanga Jijini Nairobi

Wahenga waliponena kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mkunga alikuwa mmoja: mwanamke wa makamo aliyejua kuzalisha. Siku hizi neno hilo hubeba watu wawili, yaani mhitimu wa chuo cha uuguzi na mkunga wa jadi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba utata huo si wa kamusi tu.

Mtaani Hurlingham, Nairobi, ipo hospitali ya Nairobi Women's iliyofunguliwa mwaka 2001. Kilomita chache kutoka hapo ni Kibera, ambako wapo akina mama wanaojifungulia nyumbani. Jamaa wakiambiwa "mkunga yupo," huridhika. Yupi?

Tofauti hudhihirika katika dakika ya kwanza. Takriban mtoto 1 katika kila 10 huhitaji msaada ili aanze kupumua. Wengi hutosheka kwa kukaushwa na kusuguliwa mgongo. Wachache hupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa. Mkunga wa jadi, hata awe stadi namna gani, kwa kawaida hana kifaa hicho, wala dawa ya kumkinga mama asivuje damu. Ukaribu wa Hurlingham hapo haufai kitu: dakika moja haitoshi hata kumwamsha dereva, sembuse kupita vichochoroni usiku.

Nyumbani penyewe si kosa. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2011 ulionyesha kwamba, kwa mama asiye na matatizo na aliyekwisha kuzaa, kujifungulia nyumbani hakukumzidishia mtoto hatari. Kwa mzazi wa mara ya kwanza kulimzidishia. Lakini mkunga wa huko ni mhitimu mwenye vifaa.

Kenya iliondoa ada za uzazi katika hospitali za umma mwezi Juni 2013. Tafiti za kitaifa zilionyesha uzazi wa vituoni ukipanda kutoka asilimia 61 mwaka 2014 hadi 82 mwaka 2022. Vifo vya watoto wa chini ya mwezi mmoja vilishuka kutoka 22 hadi 21 tu kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Jengo, basi, halipumulishi mtoto. Swali la mkunga yupi humfuata mama hadi wodini.

Wakunga wa jadi wengi sasa huhimizwa kuwasindikiza akina mama vituoni, kazi yenye heshima yake. Ingefaa lugha iwape jina la kazi hiyo, "wasindikizaji", na "mkunga" abaki yule mwenye mfuko wa hewa mkononi.