Safari ya msiba: kutoka ni rahisi, kurudi ndiyo kazi

Simu ya usiku haina heri. Wiki iliyopita tuliamshwa nayo: mzee wetu amefariki, mazishi ni alasiri. Sisi huku Marekani ombi letu la hifadhi bado halijajibiwa. Pesa ya tiketi tunayo, ruhusa ya kurudi hatuna.

Wasomaji wengi wamo katika hali hii, basi tukumbushane. Anayesubiri jibu la hifadhi akiondoka bila kwanza kupata kibali cha kusafiri, huhesabiwa ameliacha ombi lake. Hata mwenye kibali, akirudi nchi ile ile aliyoikimbia, huhesabiwa vivyo hivyo, isipokuwa athibitishe sababu nzito. Na kibali chenyewe si ahadi. Afisa wa mpakani ndiye mwenye kauli.

Aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha akatoka, sheria ya 1996 humfungia mlango miaka 3. Akitimiza mwaka au zaidi, miaka 10.

Kwa hiyo ndugu zetu, kabla ya kukata tiketi, muoneni wakili. Sisi tulimsomea mzee hitima hapa sebuleni na wenzetu wa mtaani. Kaburi tutalizuru, Mungu akipenda.