Ybor City: mutaa wa Wacuba uliojengwa na muchango wa wafanyakazi

Ukitaja Wacuba wa Marekani, watu wengi wanafikiri Miami. Sisi wa sendika, tulipofika Florida, tulitaka kuona kwanza Ybor City, mutaa wa muji wa Tampa. Patron wa sigara Vicente Martínez Ybor aliuanzisha mwaka 1885, akaleta wafanyakazi kutoka Cuba. Leo barabara ya 7 iko na nyumba za matofali mekundu, na majogoo wanatembea humo bila kufukuzwa.

Tulianza na tumbo. Mukate wa kule ni murefu, na juu yake wanauoka na jani la palmeto. Ndani wanatia nyama ya nguruwe ya kuchoma, fromaji, mutaride, na salami. Miami hawatii salami. Tampa wanatia kwa sababu Waitalia walitumika meza moja na Wacuba, na chakula kikachanganyika kama watu.

Kwa mutu wa kazi ya mikono, jambo kubwa zaidi ni lektori. Wakati wafanyakazi walikunja tumbako, yeye alikaa juu ya kiti kirefu na kuwasomea kwa sauti: asubuhi magazeti, kisha vitabu vya Cervantes, Zola, Victor Hugo. Patron hakumulipa hata franga moja. Wafanyakazi wenyewe walimuchagua na kumulipa kutoka mufukoni mwao. Kwa hiyo mutu asiyejua kusoma alijua habari za dunia na haki zake. Mapatroni waliona hatari. Mwaka 1931 waliondoa malektori, na mahali pao wakaweka radio.

Kazi ikiisha, watu walienda Círculo Cubano. Nyumba hiyo ingali imesimama, na teatre na sale ya kucheza. Muchango mudogo wa kila mwanamemba ulileta munganga, dawa na muziki. Muziki wa Cuba sisi tunaujua: plaki za GV zilifika Kongo zamani, na rumba yetu ilishika mengi humo.

Lakini tusifiche. Kiwandani Mucuba mweusi na mweupe walikaa pamoja. Sheria za ubaguzi za Florida zikawatenga inje. Mwaka 1900 weusi walianzisha chama chao, Martí-Maceo. Nyumba yao ya zamani ilibomolewa mwaka 1965 wakati serikali ilisema inafanya muji mupya.

Kwetu Katanga, serkle na uwanja wa mupira vilijengwa na kampuni. Kampuni ilipoyumba, navyo vilioza, na hatukuwa na neno la kusema, maana havikuwa vyetu. Wakunja tumbako walikuwa maskini kama sisi, lakini walilipa wenyewe musomaji wao, munganga wao na ngoma yao. Basi wandugu, kwenye mukutano ujao tuulizane: muchango wetu unajenga nini ambacho patron hawezi kufunga?