Maneno Madogo ya Kiingereza Yanayopima Umbali na Wakati

Mtu aliyesoma Kiingereza shuleni hashindwi sana na maneno makubwa, maana hayo huyatafuta katika kamusi. Yanayomtia hasarani ni maneno madogo, yale yanayoonyesha jambo liko mbali kiasi gani, kwa kuwa huyadhani kuwa sawasawa na ya Kiswahili.

Yaletayo taabu kuliko yote ni "by" na "until". Katika Kiswahili neno "mpaka" hufanya kazi ya yote mawili: duka limefungwa mpaka Ijumaa, na mdeni naye amepewa nafasi ya kulipa mpaka Ijumaa. Mwingereza huyatenga. "Until Friday" ni hali inayoendelea bila kukoma mpaka siku hiyo ifike. "By Friday" ni tendo ambalo sharti liwe limekwisha kabla Ijumaa haijapita. Basi mkulima aliyeandikiwa alipe deni la mbolea "by Friday" aweza kulipa Jumatatu au siku yo yote ifuatayo, ila akija Jumamosi amechelewa. Na kama yeye atajibu kwamba atalipa "until Friday", mwenye mali atafahamu kuwa fedha zitakuwa zikiletwa kila siku, kisha Ijumaa zikome!

Hali kadhalika "within" na "in". Mzigo ulioahidiwa "within a week" waweza kufika kesho, au siku yo yote kabla ya juma kwisha, na mwenyewe yampasa awe tayari kuupokea. Ulioahidiwa "in a week" utafika juma likiisha. Wengi husoma "in" wakafikiri ni "katika", wakaenda stesheni kila asubuhi bure.

Jambo la saa linajulikana: saa mbili ya asubuhi kwa Mwingereza ni nane, na hata mtoto wa shule hakosei. Usiku ndio wenye mtego. Kwa hesabu ya zamani ya watu wa pwani, siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo usiku wa Jumatatu ni ule unaoutangulia mchana wa Jumatatu. Kwa Mwingereza siku huanza saa sita ya usiku, na "Monday night" ni giza linalofuata baada ya mchana huo. Tofauti yake ni saa 24 kamili. Mtu wa bara aliyezoea hesabu ya Kiingereza, akialikwa karamu na mzee wa pwani, aweza kufika akakuta sahani zimekwisha oshwa tangu jana. Ndiyo sababu watangazaji wa habari husema "usiku wa kuamkia Jumatatu", nao wamefanya vema.

Lakini isidhaniwe kwamba Waingereza wenyewe hawakosani. "Next Friday" kwa baadhi yao ni Ijumaa hii ijayo. Kwa wengine ni ile ya juma linalofuata. Karani mwangalifu haliandiki neno hilo peke yake katika barua ya kuita mkutano. Huandika na tarehe.

Katika kuonyesha mahali, Kiswahili kina utajiri zaidi. "Hapa" ni karibu na msemaji, "hapo" ni karibu na anayeambiwa au mahali palipokwisha tajwa, na "pale" ni mbali na wote wawili. Tena mzee akitaka kuonyesha kwamba ni mbali zaidi, huivuta sauti, "kuuule", na msikilizaji akajua kuwa itambidi achukue chakula cha njiani. Kiingereza cha siku hizi kina "here" na "there" tu. Zamani kilikuwa na la tatu, "yonder", nalo limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, lakini sasa ni watu wachache walitumiao. Basi anayefasiri barua inayotaja "that bag" hana budi kuuliza: ni gunia hilo ulilo nalo wewe, au ni lile lililoko kwingine?

Kuna na mzaha wa Kenya usiowaelea wageni. Mtu huondoka mezani pake akienda zake mlangoni huku akisema "I am coming". Maana yake ni kwamba atarudi sasa hivi. Lakini mgeni kutoka Uingereza hukodoa macho, maana anamwona akienda.

Mkulima atapenda kujua kwamba baadhi ya vipimo vya Waingereza vilizaliwa shambani. "Furlong" maana yake ni urefu wa mfuo unaokatwa na plau, yaani yadi 220, na mwaka 1593 Bunge lao liliamuru maili moja iwe "furlong" nane. Ekari nayo ilikuwa shamba ambalo jozi ya maksai waliweza kulilima kwa siku moja: urefu wa "furlong" moja, upana yadi 22. Hivyo ekari ilikuwa kipimo cha ardhi na cha kazi ya siku pia. Maili zimeondoka katika barabara za Kenya, na mahali pake zimekuja kilomita. Lakini mtu akiulizwa ukubwa wa shamba lake, mara nyingi atajibu kwa ekari.