Mbio za farasi Uingereza: pale ujanja unapogeuka wizi

Tarehe 10 mwezi wa tisa mwaka 2025, viwanja vya mbio za farasi vya Uingereza vilibaki kimya. Wenye farasi, wakufunzi na wapanda-farasi waligoma siku moja, wakipinga mpango wa serikali wa kupandisha ushuru wa pari zinazochezwa kwenye mtandao. Ujumbe wao kwa viongozi ulikuwa mfupi: pesa za pari zikipungua, mchezo wetu utakufa.

Walisema kweli. Lakini pari hizo hizo zinazoulisha mchezo ndizo zimeuletea aibu kwa miaka mingi, na hasa upande wa mbio za kuruka vizuizi. Huko farasi akianguka, au akichoka mbele ya kufika mwisho, hakuna anayeshangaa. Hapo ndipo mdanganyifu anapata pahali pa kujificha.

Mchezo ulivyo

Mbio hizi ni tofauti na zile za uwanja tambarare. Farasi anakimbia kilometa nyingi huku akiruka vizuizi vya matawi, na vingine vina mitaro ya maji. Shindano linalojulikana zaidi, Grand National, linafanyika kila mwaka huko Aintree, karibu na Liverpool. Farasi wanakimbia karibu kilometa 7 na kuruka mara 30. Tangu mwaka 2024 hawaruhusiwi kupita 34, kwa sababu ya usalama.

Kila farasi ana bei yake kwa mwenye kuweka dau. Farasi wa 20 kwa 1 maana yake ukiweka pauni 1 na yeye akashinda, unapata faida ya pauni 20. Watu wengi wakimwekea pesa, bei inashuka. Kwa hiyo anayejua siri ya farasi fulani ana kazi moja kubwa: kuweka pesa nyingi bila wapokea dau kushtuka. Visa viwili vya miaka ya 1970 vinaonyesha kazi hiyo ilivyofanywa.

Cartmel, 1974: farasi wawili waliobaki nyumbani

Tarehe 26 mwezi wa nane mwaka 1974, siku ya mapumziko, farasi aitwaye Gay Future alishinda kwenye kiwanja kidogo cha Cartmel, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Aliwaacha wenzake mbali, kwa bei ya 10 kwa 1.

Nyuma ya ushindi huo kulikuwa na kundi la watu kutoka Ayalandi, wakiongozwa na mjenzi Tony Murphy wa mji wa Cork. Farasi mwenyewe alitayarishwa kwa siri huko Ayalandi. Wakati huo huo, farasi mwingine wa kawaida, aliyefanana naye, alikaa Scotland kwa mkufunzi Antony Collins akitumia jina la Gay Future. Siku ya mbio, miguu ya farasi wa kweli ilipakwa sabuni ili watu waone povu na kufikiri kwamba anatoka jasho na hana nguvu.

Ujanja mkubwa ulikuwa kwenye tiketi. Kundi hilo liliweka pari za kuunganisha farasi wawili au watatu: Gay Future pamoja na Opera Season na Ankerwyke, waliotajwa kukimbia viwanja vingine siku hiyo. Mpokea dau akiona tiketi ya namna hiyo hana wasiwasi, maana ni vigumu farasi wote washinde. Lakini Opera Season na Ankerwyke hawakukimbia. Kufuatana na kanuni za pari, farasi asipokimbia, pesa yote inahamia kwa yule anayebaki. Kwa hiyo dau lote likamwangukia Gay Future, na simu za Cartmel zilikuwa chache mno kwa wapokea dau wa mijini kuwahi kushusha bei.

Mwandishi wa habari mmoja alipopiga simu kwenye zizi la Collins, siri ikaanza kuvuja: ilionekana kwamba farasi hao wengine hawakuwa njiani hata kidogo. Mwaka 1976, tribinali ya Preston iliwakuta Murphy na Collins na hatia ya kula njama ya kuwadanganya wapokea dau. Walitozwa faini tu, na mpaka leo kuna watu Ayalandi wanaowaona kama mashujaa.

Bellewstown, 1975: simu iliyoshikwa dakika 25

Haukupita mwaka mmoja. Tarehe 26 mwezi wa sita mwaka 1975, kwenye kiwanja cha Bellewstown huko Ayalandi, farasi Yellow Sam alishinda mbio za kuruka kwa bei ya 20 kwa 1. Mwenye farasi alikuwa Barney Curley, mtu aliyewahi kusomea upadri kwa Wajesuiti mbele ya kuingia katika ulimwengu wa pari.

Curley alikuwa amemkimbiza Yellow Sam kwenye mashindano magumu yasiyomfaa, hata watu wakamdharau. Kisha akatuma watu kwenye butike nyingi za pari nchini, kila mmoja na kiasi kidogo, wote kwa wakati mmoja. Jumla ilikuwa kama pauni 15.000. Wapokea dau waliposhtuka walitaka kupigia simu wajumbe wao kiwanjani ili bei ishushwe. Hawakuweza. Kiwanja kilikuwa na simu moja ya watu wote, na ndani ya kibanda chake rafiki ya Curley alikuwa anaongea kwa huzuni na ndugu "aliye karibu kufa", ndugu ambaye hakuwepo. Aliongea karibu dakika 25, na watu waliopanga mstari nje wakamwonea huruma.

Curley alipata zaidi ya pauni 300.000, na hakuna tribinali iliyomwita. Alifariki mwaka 2021. Kwa majirani wa Haut-Katanga, jina lake lina maana nyingine: mwaka 1996, baada ya kifo cha mtoto wake katika ajali ya gari, alianzisha shirika la Direct Aid For Africa, ambalo limesaidia masomo na afya nchini Zambia.

Mpaka uko wapi?

Kwa nini mmoja alihukumiwa na mwingine akalipwa? Wanaomtetea Curley wanasema farasi wake alikuwa ni yeye mwenyewe, jina lake lilikuwa la kweli, na alikimbia ili ashinde. Huko Cartmel, farasi wawili waliandikishwa bila nia ya kukimbia, na wa tatu alikuwa na kivuli kilichokula kwa jina lake.

Lakini jibu hilo halitoshi. Katika mashindano mengi, farasi mwenye nguvu anabebeshwa uzito zaidi ili wote wawe na nafasi. Mwenye kuficha nguvu za farasi wake leo anamtafutia uzito mwepesi kesho. Na siku farasi huyo "dhaifu" anaposhindwa, kuna mtu wa kawaida aliyemwekea pesa yake akiamini kwamba anakimbia kweli. Hadithi za wapokea dau kunyolewa zinachekesha. Huyu mwingine hatajwi, na pesa yake hairudi. Ndiyo maana kanuni za leo zinadai kila farasi akimbizwe kadiri ya uwezo wake wote, na mpanda-farasi anayemzuia anaadhibiwa.

Faida katika kushindwa

Zamani, ili mdanganyifu apate pesa, kwa kawaida ilibidi farasi wake ashinde. Mwaka 2000 kampuni ya Betfair ilifungua soko ambamo mtu yeyote anaweza kuweka dau kwamba farasi fulani hatashinda. Kumfanya farasi ashinde ni kazi ngumu. Kumfanya ashindwe ni rahisi: kumchelewesha kidogo kwenye kizuizi, kumwanzisha vibaya, kumwacha bila mazoezi.

Kwa sababu hiyo, mwenye farasi na mkufunzi wamekatazwa kuweka dau dhidi ya farasi wao, na mpanda-farasi hana ruhusa ya kuweka dau lolote. Hata habari ni mali. Mwaka 2002, Graham Bradley, aliyeshinda Cheltenham Gold Cup mwaka 1983 juu ya Bregawn, alifungiwa miaka 8, ikapunguzwa kuwa 5 baada ya rufaa. Kosa lake kubwa: kumpa Brian Wright habari za siri za farasi. Wright alikuwa mcheza pari mkubwa, na mwaka 2007 alihukumiwa miaka 30 gerezani kwa kuingiza kokeini Uingereza.

Farasi naye analipa

Kuna udanganyifu ambao hauonekani kwenye tiketi yoyote. Mwaka 2011 mkufunzi Howard Johnson alifungiwa miaka 4. Farasi wake Striking Article alikuwa amekatwa mshipa wa fahamu wa mguu, jambo lililokatazwa kwa farasi wa mashindano, kwa sababu farasi asiyesikia maumivu hajui wakati wa kusimama. Alikimbizwa hivyo mara kadhaa, na baada ya mbio zake za mwisho mwaka 2010 ikabidi auawe. Johnson alijitetea kwamba hakujua kanuni hiyo. Wanakamati hawakuona kuwa hiyo ni sababu ya kumwachilia.

Ulinzi umeongezeka, mjadala haujaisha

Leo kila farasi ana chipu chini ya ngozi, hivyo kubadilisha farasi kama ilivyokuwa Cartmel ni vigumu sana. Sampuli za damu na mkojo zinapimwa, kamera zinafuata mbio mwanzo hadi mwisho, na tangu mwaka 2003 Betfair ilikubali kuwapa wasimamizi habari za pari zenye mashaka. Sheria ya kamari ya mwaka 2005 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 2 kwa anayedanganya katika kamari.

Bado kuna fundo moja gumu. Kampuni za pari zinatoa asilimia 10 ya faida yao ya mbio za Uingereza ili kuusaidia mchezo huu. Faida hiyo inatoka kwa wanaopoteza. Serikali inapotaka kampuni zichunguze kama mteja ana uwezo wa kupoteza anachoweka, viongozi wa mbio wanalalamika kwamba wateja watakimbilia soko la magendo. Wapinzani wa kamari wanajibu kwamba mchezo unaoishi kwa hasara ya watu hauwezi kuwa mlinzi wao. Baada ya mgomo, bajeti ya mwezi wa kumi na moja 2025 iliacha ushuru wa pari za farasi palepale. Ubishi ukabaki.

Kijana wa Goma, Bukavu au Lubumbashi anayeweka franka zake kwenye mechi za Ulaya kupitia simu labda hajawahi kuona farasi akiruka kizuizi. Lakini bei anayoisoma kwenye simu yake inapanda na kushuka kwa njia ile ile, na nyuma ya bei hiyo kunaweza kuwa na mtu anayejua asichokijua yeye. Huko Bellewstown, mtu huyo alikuwa ndani ya kibanda cha simu, na waliosimama nje wakingoja zamu yao walikuwa wanamhurumia.