Pikipiki ndani ya gari: Kona ndiyo inayochagua injini

KAMA unadhani kila gari la mbio kule Marekani lina injini kubwa inayonguruma kama lori, umepigwa chenga. Pale Concord, North Carolina, mbele ya jukwaa kuu la Charlotte Motor Speedway, kuna njia ya duara ya robo maili. Hiyo ni kama mita 400, sawa na njia ya wakimbiaji inayozunguka uwanja wa soka. Wakati wa kiangazi hukimbizana hapo vigari vyenye sura ya Ford na Chevrolet za miaka ya 1930 na 1940, vikiwa vimepunguzwa hadi tano ya nane ya ukubwa wa magari halisi.

Fungua boneti uone. Ndani kuna injini ya pikipiki ya Yamaha.

Vigari hivyo vinaitwa Legends, na vilianza mwaka 1992. Usivichukulie poa. Kurt Busch, Kyle Busch, Joey Logano na William Byron wote walipita huko kabla ya kutamba NASCAR. Logano peke yake amebeba ubingwa wa Cup mara tatu, 2018, 2022 na 2024. Kwa kijana anayeota kufika huko, hii ndiyo timu yake ya vijana. Na kwa mzazi anayelipa bili, injini ikichaguliwa vibaya hela inakata kabla msimu haujafika katikati.

KWA NINI PIKIPIKI?

Jibu ni uzito. Injini ya pikipiki ni ndogo, nyepesi, na gia boksi yake imo humohumo ndani. Dereva anapandisha na kushusha gia moja baada ya nyingine, hana muda wa kutafuta. Pia pikipiki zilizoanguka barabarani ni nyingi, hivyo injini iliyotumika inapatikana bila kununua pikipiki mpya.

Lakini hapo ndipo wengi wanapochemsha. Wanaangalia namba ya nguvu za farasi tu, kama shabiki anayesajili mshambuliaji kwa kuangalia video za mabao.

NGUVU INAKUJA WAKATI GANI?

Chukua injini ya Yamaha R6 ya cc 600. Ni moto kweli, ila nguvu zake za juu zinapatikana ikipiga zaidi ya mizunguko 14,000 kwa dakika. Sasa chukua familia ya Yamaha FJ1200, ile iliyoanzisha Legends. Ina nguvu za farasi kama 130 kwenye mizunguko 9,000, na mvuto wake mkubwa unakuja mapema zaidi, kwenye 7,500 hivi.

Kwenye njia ya mita 400, mzunguko mmoja hauchukui hata sekunde 20. Dereva anatoka kona moja na nyingine ishamkodolea macho. Mbio zinaamuliwa pale anapokanyaga mafuta kutoka kwenye kona. Legends ina uzito wa takriban kilo 590 pamoja na dereva, wakati R6 ilitengenezewa pikipiki isiyofika kilo 200. Ukiitia R6 humo, kila kona utakuwa unaisubiri ipande mizunguko. Ni sawa na winga wa mbio ndefu uliyempeleka kwenye futsal: kasi anayo, nafasi ya kukimbia hana.

Ila usiitukane cc 600. Ipeleke kwenye micro sprint, vigari vyepesi zaidi ambavyo kila mwaka hujaa kwenye mashindano ya Tulsa Shootout, Oklahoma, juu ya udongo ndani ya jengo. Kule cc 600 ndiyo mfalme. Uzito ni mdogo, na nguvu inakwenda nyuma kwa mnyororo, hivyo fundi anabadili sproketi tu kuifanya injini ichangamke mapema. Christopher Bell, bingwa wa NASCAR Truck Series mwaka 2017, alikulia kwenye vigari hivyo.

OILI INAYOKIMBIA

Kuna adui mwingine ambaye kwenye karatasi ya nguvu haonekani kabisa. Pikipiki ikikata kona inalala, na oili inabaki chini inapotakiwa. Gari halilali. Kwenye duara linalokata kushoto muda wote, oili inasukumwa kulia na kuganda upande mmoja wa sampu. Pampu inavuta hewa, metali zinakauka, injini inanoki. Mbio zimeisha, na pengine msimu pia.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi anauliza kwanza sampu imefanyiwa nini. Je, imewekewa vizuizi vya ndani vya kuzuia oili isikimbie? Au oili inahifadhiwa kwenye tangi la pembeni? Baada ya hapo anauliza klachi, kwa sababu iliyozoea kuondoa pikipiki sasa inaondoa gari. Kisha joto. Injini inayopozwa na upepo ilizoea kukaa wazi barabarani, sasa imefungiwa chini ya boneti, hivyo kipoza oili hakikwepeki. Injini mpya zaidi ya Legends, ya Yamaha MT-09 yenye silinda tatu na cc 847, inapozwa kwa maji.

SHERIA KWANZA

Mtihani wa mwisho ndio unaopaswa kuwa wa kwanza: kitabu cha sheria. Legends inaruhusu injini maalumu na haitaki uichokonoe, ili mwenye pesa nyingi asimkimbie mwenzake kwa pochi. Micro sprint inampa fundi uhuru wa kuchagua kati ya Yamaha, Suzuki, Honda na Kawasaki. Hapo mjanja hutazama majirani zake kwenye maegesho ya mafundi. Kama wengi wanatumia injini fulani, spea zipo, na ikifa saa mbili usiku kuna mtu wa kumwazima pampu.

Mwenye injini kali kuliko wote, ambayo spea yake inabidi iagizwe, atatazama fainali akiwa jukwaani.