Neno Refu na Mwamuzi Wake

Mchezo wa kupanga herufi uitwao Scrabble ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu wa majengo, aliyehesabu herufi magazetini ili ajue kila moja itolewe mara ngapi. Jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 1948. Mchezaji hushika vipande 7, na akivitumia vyote kwa mara moja huongezewa alama 50. Kwa hiyo neno refu ndilo shabaha ya kila mchezaji.

Hesabu ile ilikuwa ya Kiingereza. Vipande vya E ni 12, vya A ni 9, na K ni kimoja tu, hali Kiswahili hakiendi mbali bila ya K. Lakini tatizo kubwa zaidi ni uamuzi: neno gani ni halali?

Mathalani, mchezaji amepata A, A, E, I, L, M, T. Akizichanganya ovyo atachoka bure. Mwenye kuijua sarufi huanza na viambishi, kwa kuwa kitenzi hujengwa kwa mpango: nafsi, wakati, kisha shina. Akiweka kando a- na -me-, hubaki A, I, L, T. Hupata "amelia", nayo T humsalia mkononi. Akiweka kando a- na -li-, hubaki A, E, M, T, na mara huona mashina mawili: tema, na meta, yaani kung'aa. Basi ana "alitema" na "alimeta", yote ya herufi 7.

Mpinzani wake hufungua kamusi, asiyaone. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, huorodhesha vitenzi kwa mashina. Zingeorodhesha kila umbo zisingekuwa na mwisho. Kamusi ikiwa mwamuzi wa peke yake, "alitema" litakataliwa, ingawa hapana Mswahili asiyelielewa, na mwanafunzi atafundishwa kwamba neno lake sahihi ni kosa.

Hapana budi, basi, uamuzi ugawanywe. Kamusi iulizwe kama shina lipo. Sarufi iulizwe kama viambishi vimekaa mahali pake. Na wasemaji waulizwe kama neno zima lina maana. Likipita milango hiyo mitatu, lihesabiwe. Shule itakayocheza hivyo itakuwa imefundisha sarufi bila ya kuitaja.