Chupa Zile Zile Kila Siku

Pengine mtoto wako amerudi kutoka shuleni na kijisanduku cha rangi za maji. Ameweka mtungi na embe mezani, amechora, kisha kwa hasira ameichana karatasi. Mtungi umepinda, embe limekuwa tope. Je, utamwambia, "Hujui, acha"? Hasha! Msimulie habari za Giorgio Morandi.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1890 mjini Bologna, Italia, akafa huko huko mwaka 1964. Hakuoa, alikaa na mama yake na ndugu zake watatu wa kike. Chumba alicholala ndimo alimofanyia kazi. Naye alichora nini? Wafalme? Vita? La. Alichora hasa chupa, makopo, majagi na mabakuli, vitu vile vile mwaka baada ya mwaka. Leo alisogeza chupa kidogo, kesho aliondoa kopo, kisha akaanza upya. Picha zake za rangi ya mafuta zapita 1,300. Mwaka 1957 alipewa tuzo kubwa ya wachoraji huko São Paulo, Brazili, wala hakuziacha chupa zake. Katika miaka yake ya mwisho alichora sana kwa rangi za maji.

Rangi za maji zina ukaidi wake. Weupe wa picha ni karatasi yenyewe. Ukiisha kuufunika, ni shida kuurudisha. Kwa hiyo dawa ya kosa ni karatasi ya pili.

Basi mtoto afanye hivi. Mara ya kwanza aangalie umbo tu. Afumbe jicho moja, anyoshe mkono na kupima kwa kalamu: kimo cha mtungi ni mara ngapi kimo cha embe?

Mara ya pili aangalie mwanga. Aanze na rangi hafifu yenye maji mengi, mahali pang'aapo apaache peupe. Angoje ikauke kabisa, ndipo atie rangi nzito zaidi. Asiyengoja ndiye apataye tope.

Mara ya tatu aangalie kivuli. Kivuli si cheusi tupu. Atie buluu kidogo, aone tofauti. Tena achore saa ile ile ya jana, kwa maana jua likihama, kivuli nacho huhama.

Karatasi ni ghali, twajua. Moja ikatwe vipande vinne. Kila kipande kiandikwe tarehe, wala kisitupwe. Cha kwanza kiwekwe kando ya cha nne, mtoto achague kosa moja tu la kusahihisha kesho. Akitaka kusahihisha yote kwa siku moja, atachoka na kuacha.

Nawe mzazi, usiulize, "Mbona mtungi ule ule tena?" Uliza, "Leo umeona nini usichokiona jana?" Kisha mrudishie mtungi mezani.